Kijana Wetu na Insha ya Chuo Kikuu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, katika ukumbi wa chakula wa shule, Siku ya Kukutana

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu mliotufundisha sisi na mnaowafundisha wadogo zetu, ndugu zangu tuliokula maharage ya chungu kimoja, nanyi wanafunzi mliokaa huko nyuma mkinusa wali kutoka jikoni:

Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumzie mchango wa wahitimu wa shule hii katika utumishi wa umma. Nilianza kuiandika hotuba hiyo. Nilipofika ukurasa wa pili niliona kwamba ninajisifu mimi na kuwasifu ninyi, na kazi hiyo itafanywa vizuri zaidi na wengine baada ya chakula. Kwa hiyo namwomba Katibu radhi. Leo nitazungumza juu ya kijana anayetoka hapa na alama nzuri, akafika chuo kikuu, na huko akashindwa kuandika. Habari zake nazijua kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Niliingia chuo kikuu mwaka 2001. Hapa nilisoma Historia, Jiografia na Uchumi, na baadhi ya walimu waliomo humu watakumbuka kwamba insha zangu zilikuwa zikibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mnajua insha yetu ilivyo: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Hoja moja ikikosekana, alama zimekwenda. Mimi nilikuwa fundi wa hoja sita. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza sababu za kuanguka kwa dola ya Songhai, ningekupa sita kabla sijavaa viatu.

Insha yangu ya kwanza chuoni ilihusu ule Mradi wa Karanga ambao Waingereza waliuanza hapa kwetu mwaka 1947, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakauacha mwaka 1951 baada ya kutumia mamilioni ya pauni. Swali liliuliza ni kwa kiasi gani mradi ule ulishindwa kwa sababu ya hali ya nchi. Nikatoa hoja zangu sita: mvua haba, udongo unaokauka ukawa kama saruji, mashine kuharibika, uchukuzi, uhaba wa mafundi, na ya sita siikumbuki ila ilikuwapo. Nikahitimisha kwamba kwa hiyo mradi ulishindwa kwa sababu mbalimbali. Nikapata alama 8 katika 20. Chini yake mhadhiri alikuwa ameandika maneno machache ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni haya: Yote haya yamo kitabuni. Wewe mwenyewe unasema nini?

Sikuelewa. Nilidhani anakataa Kiingereza changu. Nikaenda kununua ile kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili iliyotoka mwaka 1996, nikaichambua, na katika insha ya pili nikatia maneno marefu kila mahali yalipoweza kukaa. Nikapata 7.

Sasa, chumbani nilikuwa nikikaa na mwenzangu wa shule hii hii. Jina lake sitalitaja, ingawa walio wa umri wangu wameshamjua. Nilimpigia simu wiki iliyopita kumwomba ruhusa ya kulisema hili, akacheka, akasema, "Sema, kaka, lakini usinilize watu." Yule bwana alikuwa na akili kuliko mimi, na nasema hivi bila unyenyekevu wa uongo. Usiku, taa zikizimika, alikuwa akilala chali kitandani na kunieleza mambo kwa Kiswahili. Juu ya karanga alinieleza hivi: acha kuhesabu sababu. Watu wamekuja mwaka 1946 kupima nchi, wamezunguka wiki tisa, tena kwa sehemu kubwa kwa ndege, halafu wakapendekeza zilimwe ekari zaidi ya milioni tatu. Hata mvua ingenyesha, wangekosea mahali pengine. Kosa ni haraka, na haraka haikutoka Kongwa, ilitoka London, ambako baada ya vita watu walikosa mafuta ya kupikia na Serikali yao ilitaka jibu upesi. Udongo wa Kongwa ulikuwa vile vile siku zote, wenyeji waliujua, hakuna aliyewauliza.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo insha. Ina msimamo, ina ushahidi, inamjibu mtu mwenye maoni tofauti. Mimi nilikuwa nikiyasikiliza maneno yake, asubuhi nayatia katika Kiingereza changu cha kawaida, na kuanzia insha ya tatu nikawa napata 13, 14, hata 15. Yeye katika semina alikaa kimya mwaka mzima. Ilipofika zamu yake ya kuandika aliona haya sentensi zake mwenyewe, akaona afadhali achukue za kitabu zilizonyooka. Alinakili aya nzima nzima. Hakunakili kwa uvivu, maana kunakili kurasa nane kwa mkono ni kazi kubwa kuliko kuandika nne zako. Alinakili kwa sababu hakuamini kwamba mawazo yake yalistahili kuvaa nguo alizokuwa nazo. Akaambiwa amefanya udanganyifu. Mwisho wa mwaka alianguka masomo manne, na jina lake likabandikwa katika orodha ya wasioendelea. Wanafunzi wa siku hizi mnaita kudisko, na mnalisema kwa kucheka.

Mimi nilipita kwa fikra zake. Nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu kila mara mazungumzo ya namna hii yanapoanza, sisi wazee wa shule hii hugawanyika kambi mbili, tukazomeana mpaka chakula kikapoa. Kambi ya kwanza husema dawa ni Kiswahili. Kambi ya pili husema dawa ni Kiingereza zaidi, kianze mapema zaidi, na kwa fimbo ikibidi.

Kambi ya kwanza ina historia nyuma yake. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Serikali zimefundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, kisha chuo kikuu. Pendekezo hilo likawekwa kando. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu toka shule za msingi hadi chuo kikuu, wakaona kwamba katika wanachuo waliopimwa hata mmoja kwa watano hawakufikia kiwango cha kusoma kwa urahisi vitabu vyao vya kiada, tena vile vilivyo rahisi. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote. Hata hivyo, leo tunapozungumza, mwalimu wa Kidato cha Tano wa shule hii anafundisha kwa Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Mimi binafsi ningefurahi mlango ule ungepitwa. Lakini kijana aliyekaa pale nyuma ana miezi kadhaa tu kabla ya mtihani wake. Hawezi kungoja Tume nyingine.

Kambi ya pili nayo tuliionja hapa hapa. Wenzangu mnakikumbuka kile kibao cha shingoni, alichovishwa aliyesikika akisema Kiswahili, naye akakizungusha akimvizia mwenzake ili amvishe. Jioni aliyekutwa nacho alikwenda kufyeka. Kilitufundisha nini? Kilitufundisha kunyamaza. Bweni zima lilikuwa likizungumza kwa ishara mpaka kengele ya kulala. Tulipata Kiingereza cha kuombea maji, na cha kuombea ruhusa ya kwenda mjini. Lakini mtu hajadili sababu za njaa ya mwaka fulani kwa Kiingereza cha kuombea maji.

Hili si langu. Mtaalamu mmoja wa Kanada, Jim Cummins, alitofautisha tangu mwaka 1979 lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Aliwatazama watoto wa wahamiaji, akaonyesha kwamba ya kwanza hupatikana katika miaka miwili hivi, na ya pili huhitaji mitano hadi saba au zaidi. Na hao walikuwa wakiishi Kanada, Kiingereza kikiwazunguka sokoni na kwenye basi. Sisi kwetu kikiisha kipindi kimeisha. Tena hata Mwingereza hazaliwi na lugha ile. Mtoto wa London anayefika chuo kikuu naye hufundishwa kuandika kwamba ushahidi huu unaelekea kuonyesha jambo fulani, badala ya kusema tu ni kweli au si kweli. Yeye ana mzigo mmoja; sisi tuna miwili, na walimu wetu huuona mmoja tu.

Vyuo havikukaa bure. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano tangu miaka ya 1970, na kozi za namna hiyo zimeenea vyuoni. Chuo nilichosoma mimi sitakitaja. Kozi ilikuwapo. Tulikuwa mia kadhaa ukumbini, wengine tumekaa madirishani, mhadhiri mmoja, kipaza sauti kinachokoroma. Tulifundishwa namna ya kuandika muhtasari wa mhadhara katika mhadhara ambao haukusikika. Mtihani ulikuwa wa kuchagua jibu, A mpaka D. Nilipata alama ya juu katika kozi hiyo, muhula ule ule niliopata 7 katika insha.

Sisemi hivyo kumlaumu yule mhadhiri. Mtu mmoja hawezi kusoma insha mia tano. Nasema kwamba uandishi haufundishwi kwa kipaza sauti. Vyuo vikuu vya Afrika Kusini, kama kile cha Cape Town, vilipofungua milango kwa wanafunzi wengi ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani, vilianzisha katika miaka ya 1990 vituo vya uandishi. Utaratibu wake ni mwepisi hata unashangaza. Mwanafunzi huja na rasimu yake. Hukaa mezani na mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia miaka michache, aliyefunzwa kazi hiyo. Huyu hashiki kalamu nyekundu. Humwuliza: swali linataka nini? Wewe unajibu nini? Umejuaje? Sarufi husubiri mpaka mwisho, maana hakuna faida kunyoosha sentensi ambayo pengine itafutwa. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mtu amelala chali gizani, akiniuliza maswali hayo hayo kwa Kiswahili.

Ofisini kwangu nimeyaona haya kwa upande wa pili. Mnajua kazi za Serikali nyingi huandikwa kwa Kiswahili. Kijana anakuja na shahada yake, unampa jalada, unamwomba aandike dokezo kwa Mkurugenzi. Analeta kurasa tatu. Zina utangulizi. Zina hoja sita! Haziombi kitu. Mkurugenzi akimaliza kusoma hajui atie sahihi wapi, au akubali nini. Na hapo lugha ni ya mama yake. Kwa muda mrefu nilikuwa nikizirudisha nimechora mistari myekundu, nikilalamika kwenye chai juu ya elimu ya siku hizi. Siku moja, kwa kuwa jalada lilikuwa la haraka, nilimkalisha kijana nikamwambia, "Lifunge hilo. Nieleze kwa mdomo, tufanye nini, na kwa nini." Akanieleza kwa dakika mbili, vizuri kabisa. Nikamwambia, "Kaandike hayo." Dokezo lilikuja nusu ukurasa, likapita. Tangu hapo kalamu nyekundu naitumia kidogo sana. Jambo hilo ndilo lililonionyesha kwamba tulikosea ugonjwa. Lugha ngeni huufunika tu usionekane; chini yake kuna mtu ambaye hajawahi kuulizwa yeye anasema nini.

Wadogo zangu, nawageukia ninyi sasa, kwa kuwa wali unakaribia.

Kidato cha Sita, hoja sita zenu ziandikeni. Mtihani ni mtihani, na Mkuu wa Shule asije akasema nimekuja kuwaharibia matokeo. Lakini kabla hujaziandika, andika mstari mmoja pembeni, kwa Kiswahili, unaolijibu swali. Kisha zitazame hoja zako moja moja uone ipi inaubeba mstari huo na ipi imepanda gari bila tiketi. Ukisoma kitabu cha Kiingereza usianze na kamusi. Soma aya mpaka mwisho, ukifunike kitabu, uandike kwa Kiswahili: huyu anasema nini, na kwa nini nimwamini? Neno gumu likikuzuia usijibu, hapo ndipo ufungue kamusi. Wa sayansi, ile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 itafuteni maktaba. Si kwa ajili ya mtihani, bali mjieleze wenyewe kitu mnachokikariri.

Yatazameni pia maneno madogo. Mwandishi mmoja anasema, mwingine anadai, wa tatu anaonyesha, wa nne anakiri. Kwa Kiswahili mnajua vizuri sana tofauti ya mtu anayedai na mtu anayekiri. Hata ugomvi wa bwenini unahukumiwa kwa tofauti hiyo. Kiingereza nacho kina maneno yake kwa kila moja, nanyi mmezoea kuandika "says" toka juu hadi chini. Jifunzeni manne tu muhula huu. Na aya ya kitabu ikikupendeza, ieleze kwa maneno yako hata kama yanachechemea, umtaje mwenyewe. Sentensi yako inayochechemea ina alama. Ya kuazima bila kusema itakuondoa chuoni.

Na usiku mkielezana kwa Kiswahili, elezaneni bila woga. Ila asubuhi kila mmoja aandike yake. Sharti hilo mimi sikulitimiza: nilichukua maneno ya mwenzangu nikaenda nayo mwenyewe, sikukaa naye hata saa moja kuyatia katika Kiingereza kwa pamoja. Kiingereza changu hakikuwa kizuri kuliko chake. Nilikuwa tu sikioni haya nikiandika.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na ombi, kwa kuwa nisipoomba kitu nitakuwa nimeandika dokezo lile lile la kurasa tatu.

Mchana huu mkutano utaamua matumizi ya fedha tulizochanga. Pendekezo lililopo ni lango jipya la chuma lenye jina la shule. Silipingi lango, la sasa nililivunja bawaba mimi mwenyewe mwaka 1999, na waliokuwa nami wasinitazame. Naomba sehemu ya tatu ya fedha hizo itengwe kwa saa mbili za kila Jumamosi, kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Wanafunzi wetu walioko vyuoni waje wakati wa likizo zao, kila mmoja akae na vijana watatu au wanne na insha zao, awaulize yale maswali matatu. Tuwalipie nauli na chakula, kwa kuwa mwanachuo hana nauli. Wakati wao wakiwa chuoni, tuliopo karibu tushike zamu. Fedha nyingine ziende kwenye kamusi na karatasi. Tuanze na vijana 40, tuwaone baada ya mwaka. Na Mwalimu wa Taaluma awe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ratiba, maana Jumamosi zina usafi na zina michezo.

Nimezungumza na yule mwenzangu juu ya hili pia. Ana duka la pembejeo siku hizi, umbali wa saa mbili kwa basi kutoka hapa, na wakulima humjia kuuliza juu ya mbegu kuliko wanavyomwendea bwana shamba. Alisema atakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Aliniuliza kama atatakiwa kuzungumza Kiingereza. Nikamwambia si lazima.

Karatasi ya kujiandikisha ipo kwa Katibu, karibu na mlango wa jiko. Jina langu lipo la kwanza, la kwake la pili, na nafasi zilizobaki ni nyingi.